Mgongo wa Masizi

Shemeji alilitupa tandiko juu ya meza yangu, sindano zikaruka huku na huku. "Kazi yako hiyo," akasema. "Inamuua farasi."

Nilianza kushona matandiko huyu bwana hajajua hata kufunga kamba za viatu vyake. Damu ilinichemka. Lakini ni mume wa mdogo wangu, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, nikayameza maneno. Farasi waliyemtunza, Masizi, alikuwa na kidonda mgongoni. Akipumzishwa kinakauka, akirudi kazini kinafunguka. Daktari wa mifugo alitoa dawa, akaonya kwamba haitasaidia kitu bila kujua chanzo. Na mwajiri wao, mwenye shamba la miti na mwenye farasi, alikuwa ameshachoka kulisha farasi wa kulala tu. Kidonda kikionekana tena Ijumaa, Masizi anachinjwa.

Mdogo wangu ndiye aliyempanda. Kila asubuhi alizunguka naye mpaka wa shamba kuangalia moto na wezi wa miti. Masizi hakumkubali mtu mwingine. Shemeji alijaribu mara moja, akaishia kwenye matope.

Nilikwenda bandani nimenuna. Mke na mume wale walikuwa na desturi yao: alfajiri, hata kabla ya kusalimiana, walimpapasa farasi kuanzia kwato hadi masikio, huku wakiambizana kila wanachokikuta. Nilizoea kuwatania kwamba wanamjua Masizi kuliko wanavyojuana. Siku hiyo nilimpapasa mwenyewe. Nikakung'uta blanketi nikitafuta miiba, nikapitisha kiganja kwenye ukanda wa tumbo. Hakuna kitu. Kidonda kilikuwa upande wa kulia tu, na kushoto ngozi ilikuwa safi.

Nikaligeuza tandiko, nikabonyeza mito yake miwili ya sufu. Wa kushoto ulikuwa umejaa kama nilivyouacha. Wa kulia ulikuwa bapa kama soli ya kiatu.

"Umeona?" nikamwambia shemeji, na sikuificha furaha yangu. "Tandiko halina kosa. Anayelikalia ndiye anayekaa upande."

Nikaliweka tandiko juu ya gogo, nikamwita mdogo wangu.

"Panda hapo nikuone."

"Nina kazi, dada."

"Panda, bwana. Kazi haikimbii."

Alipanda polepole, akijishikilia kwa mikono miwili, yeye aliyekuwa akirukia farasi kabla hajaota meno ya ukubwani. Nikasimama nyuma yake. Bega la kulia lilikuwa limeshuka.

"Kaa wima."

"Si nimekaa wima?"

"Hujakaa. Sogea kushoto kidogo."

Alisogea. Jasho likamtoka usoni, pumzi ikamkatika, akarudi kulia. Furaha yangu iliishia hapo.

Nilipitisha kiganja ubavuni mwake, upande wa kushoto, kama nilivyompitishia farasi. Chini ya mbavu kulikuwa na kitu kigumu, kikubwa kama ngumi.

"Tangu lini?" shemeji aliuliza.

"Tangu kabla ya mvua." Hakumtazama mumewe. "Ningeshuka, nani angempanda? Wangemchinja."

Shemeji alikaa chini kwenye nyasi kavu, brashi ya farasi bado iko mkononi.

Hospitali walisema amechelewa. Walilisema kwa upole, lakini ndilo walilolisema. Mwenye shamba aliona haya, Ijumaa ikapita bila mtu kutaja kisu. Kila nilipokwenda kumwona mdogo wangu, aliniuliza kwanza habari za kidonda cha Masizi. Nilimjibu kwamba kinakauka, na ilikuwa kweli. Kilifunga kabisa wiki tuliyomzika mdogo wangu, na pale penye kovu nywele zimeota nyeupe.

Juzi shemeji alileta tandiko tena. Safari hii aliliweka mezani kwa mikono miwili. Mpandaji mpya amepatikana, na Masizi ameanza kumzoea.

"Lijaze upya," akasema. "Asiumie tena."

Nikafumua mshono wa kulia, nikaingiza mkono. Sufu ilikuwa imeganda vilevile mdogo wangu alivyoilalia. Nilitamani kuushona mto uleule na kulitundika tandiko ukutani. Lakini aliikalia sufu hiyo kwa maumivu ili farasi yule aishi. Nikaivuta nje fungu baada ya fungu, nikilia bila kujificha, huku shemeji akiokota kila lililoanguka sakafuni na kulitia mfukoni.