Tulipofuta Kununa

"Mtoto wangu amekuwa malaika. Mmemfanya nini? Mungu awabariki."

Ujumbe huo niliusoma nikiwa nimesimama, mkoba bado begani, katika ofisi yetu ya chumba kimoja juu ya duka la mapazia. Vyerehani vya chini vilipoanza kazi, sakafu ilitetemeka na kalamu zikatembea zenyewe mezani. Nyuma ya ujumbe ule kulikuwa na mwingine wa aina hiyo hiyo, na mwingine, mpaka kidole kikachoka kusogeza. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tuanze kazi ile kupokea shukrani asubuhi, na badala ya kufurahi nikatafuta kiti.

Mchezo wetu haukuwa na picha hata moja. Unapewa mtoto kwenye simu, unampa jina, halafu anaanza kukuandikia: ana njaa, amegombana na mwenzake, anataka kujua mwezi unalala wapi mchana. Chini ya kila ujumbe kuna majibu matatu, unachagua moja. Maneno yote ya mtoto nilikuwa nayaandika mimi. Mwenzangu, ambaye kila mtu alimwita Fundi mpaka mkewe, ndiye aliyeunda mtambo wa kumfanya mtoto akumbuke alivyojibiwa. Tulikuwa wawili tu, na mtoto wetu alikuwa na wazazi wengi kuliko tulivyoweza kuwavumilia.

Nilikuwa nimechoka mwaka ule, uchovu wa kuamka nao. Wachezaji walitaka sehemu ya pili, mtoto akiwa mkubwa. Papo hapo walitaka sehemu ya kwanza iongezwe hiki na ipunguzwe kile. Wanaolea mtoto wa maneno hulalamika kuliko wanaolea wa nyama na damu, maana wao wana nafasi. Na lalamiko lao kubwa lilikuwa kununa.

Ilikuwa hivi. Kila ulipochagua "Mwambie asubiri," kuna hesabu iliyopanda kidogo ndani ya mtoto, isiyoonekana. Tuliiita kinyongo. Kinyongo kikijaa, mtoto ananuna siku nzima, unamwandikia, hajibu, unambembeleza, anakujibu kwa nukta tatu. Kesho yake kinyongo kimeshuka, anarudi na maswali yake kama kawaida. Watu waliichukia siku hiyo. "Nanuniwa na mume, nanuniwa na bosi, sasa na simu pia?" aliandika mmoja, tukacheka, tukaona ana haki. Basi katika toleo jipya, lile lililotuletea zile shukrani, tukafuta kununa. Fundi aliing'oa ile siku ya kununa kwenye mtambo, nami nikatafuta neno la kuziba pengo. Neno nililoandika lilikuwa "Sawa."

Nyumbani nilikuwa na mtoto wa dada yangu. Dada alikwenda mbali kutunza wazee katika nyumba za watu, akaniachia binti yake akiwa hajui hata kufunga kamba za viatu. Tulimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukuwa na breki. Aliongea akila, aliongea akioga, na nilipomzimia taa aliongea gizani mpaka usingizi umkatize katikati ya sentensi. Mimi sikujaliwa mtoto. Yeye aliniita mama mdogo, kama ipasavyo, na mara chache alipojisahau akaniita mama tu, mimi nilijifanya sikusikia, ili asijirekebishe.

Wiki ile ya toleo jipya dada alipiga simu. Alikuwa amepata kazi ya kudumu na nyumba yenye chumba cha mtoto. Anakuja kumchukua kabla shule hazijafunguliwa. Nilimwambia Chiriku tukiwa tunaanika nguo nyuma ya nyumba. Alikuwa ameshika soksi. Aliikung'uta, akaibana kwenye kamba, akachukua nyingine.

"Sawa," alisema.

Nilingoja lililobaki, halikuja. Nitasema wazi, maana sasa hakuna wa kumficha: nilitaka abaki. Nilitaka adondoshe ile soksi, anishike gauni, alie kwamba haendi popote. Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza na nilikuwa nimejiandaa, Mungu anisamehe, kushinda. Badala yake tulimaliza kuanika, akabeba beseni ndani.

Kesho yake ndipo alipoandika dereva wa malori. Yule tulimjua, alicheza akiwa safarini, kwenye foleni za mizani, na alikuwa na matusi mengi kuliko wateja wetu wote. "Nyie watu," aliandika, "mtoto wangu haniulizi tena narudi lini. Kila siku alikuwa ananiuliza. Sasa nikimwambia lolote, sawa, sawa. Mmempa dawa? Nataka mtoto wangu msumbufu, mnirudishie."

"Huyu naye," alisema Fundi. "Hata akiingizwa peponi atauliza kwa nini hakuna vumbi."

Hata hivyo tulimchukua mtoto wa dereva, tukampandisha kwenye sehemu ya pili tuliyokuwa tunaijaribu, tuone akikua atakuwaje. Fundi ndiye aliyekuwa mzazi. Alikuwa anasoma kwa sauti anachoandika na anachojibiwa, huku anatafuna karanga.

"Mwanangu, leo sitakuja shuleni kwenu. Anasema: sawa. Mwanangu, tunahama. Sawa. Nimemgawa mbwa wako kwa jirani. Sawa." Akanigeukia. "Jamani, mtoto ana adabu huyu!"

"Hiyo siyo adabu," nilisema. "Huyo amekata tamaa na wewe."

Fundi aliacha kutafuna. Akafungua hesabu za ndani. Kinyongo cha yule mtoto kilikuwa kimejaa mpaka juu, tena tangu siku ya toleo jipya hakikuwa kimeshuka hata kidogo. Tukafungua mtoto mwingine, wa wale malaika. Vivyo hivyo. Ndipo tulipoelewa tulichokifanya. Kinyongo kilikuwa na njia moja tu ya kutokea, nayo ilikuwa kununa, na sisi tulikuwa tumeiziba kwa sababu watu walilalamika. Watoto wote walikuwa wamejaa, hawana pa kumwagia, wakawa wanaitikia tu.

"Tukirudisha kununa watatutukana," Fundi alisema.

"Watutukane."

Jioni ile nilirudi nyumbani kwa miguu, taratibu, maana sikutaka kufika. Nilikuwa namkumbuka Chiriku mdogo. Zamani, kila baada ya simu ya mama yake, alikuwa akinuna. Mama alisema subiri kidogo nakuja, simu ikakatwa, na mtoto akaingia chini ya meza akakaa humo na mikono kifuani. Hataki kula, hataki kuchanwa nywele. Jioni hizo zilinitoa jasho. Halafu zikaisha. Sikumbuki ziliisha lini, kwa kuwa kitu kinachokusumbua kikiisha hukiagi. Nilidhani amekua.

Nilimkuta anachora. Nikakaa naye.

"Chiriku, ukitaka kununa, nuna tu. Mimi sitakasirika."

Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Ninune kwa nini, mama mdogo?"

"Kwa lolote. Kwa mama. Kwa kuhama."

Akafikiri. "Sawa," akasema, akarudi kwenye mchoro wake.

Dada alifika akiwa na mabegi makubwa na mikono iliyozeeka kabla ya uso wake. Alilala na binti yake kitanda kimoja, akamsuka, akampeleka kununua viatu. Kila alichomuuliza alijibiwa vizuri. Ofisini, siku hizo hizo, tulikuwa tunarudisha kununa na kuoga matusi. Dereva peke yake ndiye aliyeandika vingine: "Leo kaninunia kutwa nzima. Ahsanteni sana." Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha nikashindwa kuyazuia, Fundi akajifanya anakwenda kununua soda.

Siku moja tukiwa jikoni dada aliniambia, "Umenilelea, mdogo wangu. Mtoto hana shida yoyote. Kila kitu yeye ni sawa tu."

"Dada, hicho ndicho kinachonitia hofu."

"Unataka kumbakisha. Sema."

"Nataka kumbakisha, ndiyo. Lakini siyo ninalokwambia sasa."

Alifunga bomba la maji, akajifuta mikono. "Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi," alisema.

Ilinichoma, na aliona imenichoma. Hakuifuta kauli yake, ila alininyang'anya sufuria niliyokuwa nasugua, akaisugua yeye. Sisi ndivyo tunavyoombana radhi, tangu utotoni.

Asubuhi ya safari gari lilikuwa limeshafika nje. Dada alikuwa amepiga magoti sakafuni akipambana na zipu ya begi. Chiriku alitoka chumbani amekumbatia mto wake, mto bapa, uliotoboka pembe moja na kumwaga pamba kila alikopita.

"Huo hauna nafasi," dada alisema bila kuinua kichwa. "Subiri tukifika, nitakununulia mwingine."

"Hapana," alisema Chiriku.

Lilikuwa neno dogo, lakini dada aliacha zipu.

"Hapana! Usiseme subiri! Ulisema subiri nikimaliza darasa la kwanza! Ulisema subiri mvua zikiisha! Nilikaa dirishani, mvua zikaisha, hukuja! Ulisema unakuja siku yangu ya kuzaliwa, nikavaa gauni, nikalala nalo!" Sauti ilikuwa nzito, si ya mtoto yule niliyemjua. Alimtupia mama yake mto, kisha kiatu kipya, kisha cha pili. "Mwongo! Wewe mwongo! Nilikuwa naumwa, hukuja! Jino langu limetoka, hukuliona!"

Dada alinitazama kwa hofu, akafungua mdomo amnyamazishe. Nilimtikisia kichwa. Usithubutu, dada. Basi akafumba mdomo. Alikaa chini kabisa, miguu mbele kama mtoto, akapokea vyote, vitu na maneno, na machozi yakamshuka bila kuyafuta.

Nami nilikuwa nimesimama mlangoni, nangoja zamu yangu. Nilijua inakuja. Baada ya yote yale lazima atageuka anikimbilie, aseme sitaki, nataka kubaki na mama mdogo. Nilikuwa nimeshafungua mikono. Nakumbuka hilo, maana niliona aibu kuishusha baadaye.

Hakugeuka. Alikuwa anamtazama mama yake tu. Alipoishiwa vitu vya kutupa alimwendea, akampiga ngumi za bega, kisha ngumi zikalegea, na akawa amekaa mapajani pake, amekuwa mkubwa mno kwa mapaja yale, miguu inaburuta sakafuni, bado anamshtaki kwa kwikwi: na ile siku, na ile siku nyingine. Dada alikuwa anasema, "Ndiyo, mwanangu. Ndiyo. Sikuja." 

Nilisikiliza orodha ile yote, sikujisikia ndani yake hata mara moja. Nililiona lile jino likitoka. Nililala naye alipoumwa. Sikuwahi kumngojesha, basi hakuwa na la kunidai, na kwa miaka yote ile hakuwahi kunigombeza hata siku moja.

Nje dereva wa gari lile la safari alipiga honi. Nikatoka kwenda kumtuliza kabla hajapiga tena. Jua lilikuwa limeshapanda, na alikuwa ameegemea mlango wa gari anajipepea kwa kofia.

"Tutachelewa," alisema. "Wewe ndiye mama wa mtoto?"

"Hapana," nilimwambia. "Mama yake yuko ndani, anagombezwa. Wape nafasi wamalize."