Siku Nyumba ya Mzee Gelle Ilipokwenda Shule

Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai. Hata mama yangu kule Garissa, aliponiaga nikienda kufundisha Tarbaj mwaka wa tisini na sita, hakuniambia nile vizuri. Aliniambia, "Habona, ukifunga sanduku, na mdomo nao ufunge." Sanduku nililifunga. Mdomo ulifika Tarbaj wazi.

Nilipewa chumba kimoja cha mawe nyuma ya ofisi ya chifu, chenye paa zima na mlango wa kufuli, na watoto ishirini na wawili wa miaka minne, mitano, ambao Kiswahili chao kilikuwa "jambo" na "maji". Hiyo ndiyo ilikuwa nasari yangu. Vifaa sikuwa navyo, ila chaki robo paketi. Kisha likaja sanduku la vitabu vya msaada kutoka Amerika. Tukalifungua kwa shangwe: kitabu cha kupanda farasi, viwili vya kupika bata mzinga, kimoja cha sheria za kodi. Nilitaka kulia! Chini kabisa kulikuwa na kitabu kizee cha mwaka 1909, kurasa zimegeuka rangi ya chai ya maziwa, kimeandikwa na mwalimu wa chekechea wa Chicago.

Nikakisoma siku mbili, usinisemeshe. Kumbe Chicago ya wakati ule ilikuwa imejaa watu waliotoka mbali: Waitaliano, Wapolandi, Wayahudi waliokimbia Urusi. Baba na mama wako kiwandani tangu alfajiri, watoto wanazagaa barabarani. Ndipo wanawake fulani wakahamia mtaa uleule wa maskini, wakafungua darasa la watoto wadogo, wakawapa vipande vya mbao, mchanga, nyimbo na maji ya kuoga. Asubuhi mwalimu anafundisha, mchana anapiga hodi nyumba kwa nyumba kuongea na akina mama. Na wazazi nao wakilalamika: watoto wanacheza tu! Hapo nikacheka peke yangu. Nikasema, dada wewe, laiti ungekuwa hai, ningekuandikia barua.

Maana huku kwangu, wa kusema hayo alikuwa Mzee Gelle, mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Mtu mrefu, ndevu nyekundu kwa hina, heshima yake imejaa mji mzima. Mkewe, Hawo, ndiye aliyetupikia uji, na mjukuu wao Deka alikuwa mmoja wa watoto wangu. Lakini hayo hayakunisaidia kitu.

Nilimwomba Adow, fundi seremala, mabaki ya mbao zake, akanikatia vipande sitini, akavipiga msasa bure. Kitabu kilisema: wape watoto vipande, waambie wajenge nyumba. Nikawapa. Nikawaambia jengeni nyumba. Wakapanga duara. Nikasema, "La, la, la! Nyumba ina pembe nne. Tazameni hiki chumba." Nikawapangia mimi mwenyewe, pembe nne, mlango, dirisha. Wakaitazama nyumba yangu kwa adabu, kama mtu aliyeletewa chakula asichokijua. Nilipogeuka tu, ikawa duara tena.

Hilo ningelivumilia. Lakini kila siku, wakishamaliza kujenga, Deka anapiga kelele, "Roob!" yaani mvua, na wote wanairukia nyumba, wanaivunja, wanarundika mbao juu ya benchi, wanalisukuma benchi mpaka ukuta wa pili. Kelele, vumbi, benchi linakwaruza sakafu. Nami naruka na mwiko wa Hawo mkononi, "Nani kawaambia mvunje? Ninyi watoto mna nini?"

Siku moja, katikati ya fujo hiyo, Mzee Gelle akasimama mlangoni. Mabaya yana saa zake.

"Mwalimu," akasema, "hii watoto nacheza tu. Kwa dugsi, chuo ya Kurani, miezi mitatu mtoto nasoma sura. Kwako miezi mitatu nabanga mbao, nafunja mbao."

"Mzee, ni masomo. Kuna kitabu..."

"Kitabu ya Amerika nimesikia. Sasa sikia na mimi. Mahindi ya msaada iko kwa baraza ya chifu, nanyeshewa, naoza. Kamati nataka stoo. Hii chumba ndiyo stoo. Mimi naenda Elwak na mbuzi. Alhamisi narudi. Alhamisi wewe natoa ufunguo."

Nikasema, "Haya, mzee." Niliyotaka kusema siyo hayo. Alipoondoka nikaingia ndani nikaipiga ndoo teke, na kidole kiliniuma wiki nzima. Chumba kile kilikuwa ndiyo nasari. Juani pale Tarbaj huwezi kumkalisha mtoto wa miaka minne hata saa moja. Kikienda chumba, watoto wanarudi kuzagaa, na mimi narudi Garissa kumwambia mama kwamba nimeshindwa.

Nilipotoka nje nikamkuta Hawo ameketi karibu na sufuria, anacheka mpaka machozi yanamtoka. Kiswahili alikijua vizuri, alikipata Wajir akiuza maziwa sokoni.

"Unachekea nini, mama? Mume wako ananifukuza!"

"Namcheka mwalimu. Kila siku unagombeza watoto eti wanavunja nyumba. Wallahi hawavunji. Wanahama!"

"Wanahama? Wapi?"

"Mvua imenyesha upande wa pili," akasema, akinielekeza kwa mwiko, "majani yako kule. Nyumba inafunguliwa, inapakiwa juu ya ngamia, inajengwa kule. Lile benchi ndiye ngamia. Hujaona Deka anavyompigia mluzi? Na kila mtoto ana mbao yake, na anajua inakaa wapi. Umewahi kuona wamesahau hata moja?"

Sijawahi. Nilisimama pale na kidole changu kinachouma, nikaona haya, haya ya kweli. Mimi mzaliwa wa Garissa, nyumba za aqal, zile za fito na mikeka, nimeziona tangu utotoni, nimeziona juu ya ngamia zinavuka barabara. Lakini kichwani mwangu shule ilikuwa shule, na nyumba ya shuleni ilikuwa na pembe nne. Watoto walikuwa wanahesabu, wanapanga, wanakumbuka, wanasaidiana, na mwalimu wao anawakimbiza na mwiko.

Nikaenda kukitoa kitabu. Kulikuwa na picha moja niliyoipita mara nyingi bila kuijali: bibi wa Kiitaliano, kitambaa kichwani, ameketi katikati ya darasa anasokota uzi kwa mkono. Chini yake mwalimu ameeleza kwamba watoto wa bibi huyo, walipojua Kiingereza, walianza kumwonea haya mama yao. Barabarani walitembea nyuma yake, wasijulikane ni wake. Mwalimu akamwita darasani afundishe anachokijua. Tangu siku hiyo watoto wanagombania kukaa karibu naye.

Nikamwonyesha Hawo, nikamweleza. Aliitazama sana ile picha.

"Na Deka naye atanionea haya?"

"Bado," nikasema. "Labda akifika darasa la nane."

Hakucheka. Nami nikapata moyo, nikamwomba, "Mama Hawo, Alhamisi njoo uwaonyeshe kujenga aqal. Ndogo tu, ya mfano. Angalau mzee akija achukue ufunguo, aone walichokuwa wakikifanya."

"Ya mfano?" Akasimama, akakung'uta baibui lake. "Mimi sijengi ya mfano."

Alhamisi, jua halijapanda, nikasikia kengele ya ngamia. Hawo huyo, anamvuta ngamia aliyebeba fito zilizopindwa, mikeka, kamba, vibuyu vya maziwa na ngozi ya kulalia. Nyuma yake wanawake wanne wa jirani, wanapigana vikumbo kwa kicheko. Nilidhani ni nyumba ya akiba. Sikuuliza. Siku hiyo peke yake mdomo wangu ulifungwa, na ndiyo siku ulipotakiwa kufunguliwa.

Watoto walipoona ngamia wa kweli, nani wa kuwazuia! Lakini Hawo alikuwa na amri kuliko mimi. Kila mtoto akampa kazi. Huyu ashike ufito huu, huyu apitishe kamba, huyu alete mkeka. Kila ufito ukitua chini wanahesabu kwa Kiswahili, kwa sauti, "Kumi na saba! Kumi na nane!" mpaka thelathini na moja. Nilikuwa nimehangaika miezi mitatu bila wao kuvuka kumi. Hawo akifunga fundo, Deka anafunga lake pembeni, ulimi nje kwa bidii, na likilegea bibi analifungua bila neno, anaanza upya. Ilipofika saa nne nyumba ilikuwa imesimama uwanjani, duara zuri, mikeka imekaza, kibuyu kimening'inia mahali pake. Nilipiga vigelegele mwenyewe.

Ndipo Mzee Gelle akatokea mbio. Namna ile sikuwahi kumwona, vumbi la safari mpaka kwenye ndevu, kiatu kimoja kimefunguka.

"Mwalimu! Nyumba yangu! Nimefika nyumbani, nakuta duara tubu chini! Mwizi gani naiba nyum..."

Alikuwa ameona kibuyu chake.

Nilimgeukia Hawo. Hawo alikuwa anatazama mbingu, kana kwamba anakadiria mvua.

Mzee akaizunguka ile nyumba mara moja, polepole. Akasimama mbele yangu, akatabasamu. Tabasamu lile sikulipenda.

"Vizuri sana," akasema. "Sasa mwalimu una nyumba. Kifuli ya kukinga jua iko, watoto iko ndani. Chumba hauna haja. Lete ufunguo."

Masikini mimi! Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Nimemletea nyumba mpaka mlangoni, nimempa sababu mwenyewe. Nikauvua ufunguo shingoni, nikampa, na macho yakinijaa machozi nikajifanya ni vumbi.

"Ufunguo umeupata," akasema Hawo. "Na leo mchana utapumzika wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani ndiyo hapa. Aqal ni yangu, mama yangu aliifuma nilipoolewa na wewe. Nimeipeleka shule. Wewe una nyumba yako ya bati, kalale."

Wanawake wakaangua kicheko. Hapa lazima nieleze. Mzee Gelle alikuwa amejenga nyumba ya bati, ya kwanza mtaani kwao, yenye mlango wa chuma uliopakwa rangi ya kijani. Mji mzima ulialikwa kuiona. Na mji mzima ulijua kwamba hajawahi kulala humo hata siku moja, maana mchana lile bati linachoma kama kikaango. Alilala aqal kwa Hawo, na bati likakaa tupu, linameremeta kwa ajili ya wageni.

Mzee akalitazama bati lake, lilionekana kutoka pale tulipo, linang'aa juani. Akatutazama sisi.

"Mahindi hayasikii joto," Hawo akasema taratibu. "Tena humo yatakaa makavu."

Sijui angejibu nini, kwa sababu Deka alitoka kwenye mlango wa aqal akamshika mkono. "Awowe, viatu," akamwambia babu yake. Ni sheria ya nasari, viatu mlangoni. Mzee akavua. "Mikono." Akanawa kwenye beseni, ufunguo ameushika kwa meno. Akautia mfukoni, akainama akaingia, nami nikainama nyuma yake.

Deka akamwonyesha fundo. "Hii nimefunga mimi."

Mzee akalivuta kwa kidole. Halikulegea. Akalivuta kwa nguvu zaidi, ufito ukatikisika, fundo likabaki. Kisha Deka akamhesabia fito zote, kwa Kiswahili, akizigusa moja moja. Mzee akasema ni thelathini. Deka akasema ni thelathini na moja. Wakahesabu tena pamoja, mzee kwa sauti yake nzito na watoto wote wakifuata, na zikawa thelathini na moja.

Akaketi juu ya ngozi. "Miaka thelathini na tano mimi nalala chini ya hii," akasema, hata sijui aliniambia mimi au nani. "Idadi sijui. Kufunga sijui. Hii mtoto najua."

Akautoa ufunguo, akautundika pale kwenye kamba, kando ya kibuyu chake. "Ambieni chifu," akasema, "mahindi naenda kwa bati." Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili, nikasema asante mpaka akaona haya akautoa.

Nyumba ilikaa uwanjani mpaka Jumatano iliyofuata, kwa sababu Hawo alisema watoto wamejua kuijenga tu, bado kuifungua na kuipakia. Siku zote hizo Mzee Gelle alirudi nyumbani shuleni. Anavua viatu, ananawa, anapanga foleni ya uji nyuma ya Deka, halafu anajinyoosha ndani ya aqal na watoto wakimhesabia fito.

Mwezi uliofuata akaja mkaguzi kutoka Wajir. Alitukuta chumbani mwetu, akafungua rejista, akasoma mpaka jina la ishirini na tatu.

"Huyu Gelle ana miaka mingapi?"

"Sitini na kitu, bwana," nikamjibu. "Lakini anajitahidi."