Pini Nne kwenye Kola

Mpiga picha wa hospitali alikuwa akifungua shati la mgonjwa ili abandike nyaya kifuani, pini ilipomchoma kidole.

"Samahani, mwanangu," alisema mgonjwa, fundi cherehani mwenye mvi. "Hizo ni za mkono wa gauni la mjukuu wangu. Ndipo nilipofika kifua kiliponibana."

Mkewe alikinga kiganja. Zikatoka pini nne.

"Miaka thelathini namwambia kola si mto wa pini. Inaingia sikio hili, inatokea lile."

Kipimo cha umeme wa moyo hakikuonyesha kitu, wala cha damu, lakini kifua bado kilibana. Daktari wa dharura alitaka kuiona mishipa ya moyo yenyewe kwa mashine ya CT, ajue kama imeziba. Fundi alikuwa ameshapewa vidonge vya kupunguza mapigo. Sasa alitakiwa atulie tu.

Mke aliketi na mpiga picha nyuma ya kioo. Kitanda kikaingia kwenye duara la mashine, na sauti iliyorekodiwa ikasema: "Vuta pumzi. Ibane."

"Haya, nimeibana," akajibu fundi.

Picha ikaharibika. Wakarudia.

"Nimeibana tena, asante."

"Mzee, hiyo ni mashine," mpiga picha alisema kwenye kipaza sauti, akijizuia kucheka. "Usiijibu."

"Lakini imenisemesha kwa adabu."

Mpiga picha akamgeukia mke. "Hapa bado tunajaribu, mama. Nikishaingiza dawa ya kung'arisha mishipa, sitaki kurudia. Na mapigo yapo sabini na nane. Nayataka chini ya sitini na tano, la sivyo picha itatoka na ukungu na hatutajua kitu."

Mke alizikaza pini mkononi mpaka zikamuuma. Kutojua ndiko alikokuogopa zaidi.

"Niruhusu niseme naye."

Akaonyeshwa kitufe.

"Fundi."

"Naam, mke wangu."

"Tunga uzi kwenye sindano. Tundu dogo, uzi mweusi, taa hafifu."

Fundi akafumba macho. Mke alikuwa akimjua: akitunga uzi hapumui, wala hajibu, hata nyumba iungue. Namba ya mapigo kwenye skrini ikaanza kushuka. Sabini. Sitini na sita. Sitini na mbili.

"Dawa inaingia, mzee. Utahisi joto mpaka kiunoni. Hujajikojolea, usihofu."

Hata hilo fundi hakulijibu.

"Vuta pumzi. Ibane."

Haikusikika sauti nyingine.

Saa moja baadaye daktari alikuja kitandani. "Mshipa mmoja umeanza kuwa mwembamba, lakini hakuna ulioziba. Utaanza vidonge. Leo unalala hapa, kesho asubuhi turudie kipimo cha damu."

Mke akakaa chini kwa kishindo. "Umenizeesha leo, baba."

"Mbona naona bado mbichi?"

"Nyamaza, wewe." Lakini alimshika mkono, hakuuachia.

"Gauni lina mkono mmoja tu," fundi alisema. "Mtoto atalivaaje?"

"Hatakufa kwa kukosa mkono. Utaushona ukitoka."

"Usizipoteze pini zangu basi."

Mke alitazama huku na huku asione pa kuziweka. Akazichomeka moja moja kwenye kola yake mwenyewe, zote nne, akamtazama kwa jicho la kumwambia asithubutu kusema neno.