Daftari la Watoro

Nilikuwa mkuu wa shule kwa miaka thelathini na mmoja, na hata baada ya kustaafu sikuacha kuandika utoro. Kila Jumapili, tukitoka Misa ya pili, wajukuu wangu, ambao huniita Koko, yaani babu, walisimama sebuleni mmoja mmoja. Nikawasomea siku walizokosa masomo, nao wakajieleza.

Jumapili ile Larissa, mwenye umri wa miaka kumi na mitano, hakusimama.

"Koko, naomba nijibu hapa hapa kwa kiti."

"Simama! Siku ishirini na mbili tangu Noeli. Nyumba hii hailei wavivu."

Mama yake, Fabiola, akachungulia kutoka jikoni. "Papa, mumuache tu leo."

Sikumwacha. Larissa akasimama. Kitambaa cheupe cha kiti kilikuwa kimelowa damu, na sketi yake pia.

"Yee! Muangalie kiti!" akacheka binamu yake Gracien.

Hasira yangu ya kwanza, nakiri, ilikuwa juu ya kitambaa. Kisha msichana akayumba, akaanguka miguuni pangu.

Katika kituo cha afya, hapo hapo mtaani kwetu Cimpunda, muuguzi Martine alimfunua kope ya chini ya jicho, akaona weupe mtupu. Akauliza damu huja lini, hukaa siku ngapi. Larissa alinitazama, kisha akageukia ukuta. Fabiola naye hakujua. Mtoto alifua vitambaa vyake kwa siri na kuvificha vibichi chini ya godoro, maana nyumbani kwangu jambo hilo halikutajwa.

"Bila tarehe, nitajua namna gani kama iko kawaida ao iko ugonjwa?"

Nikatoa daftari mfukoni mwa koti. Martine akasoma kwa sauti:

"Tarehe tano mpaka kumi na tano Januari: uvivu. Ishirini na nane na ishirini na tisa, tena: uvivu. Hapa wiki sita, hakuna kitu. Halafu siku tisa: uvivu." Akainua macho. "Nani aliandika hii?"

"Mimi."

Hakunikaripia. Ningependelea anikaripie. Aliandika vidonge vya kuongeza damu, na barua ya kwenda hospitali kwa ekografi, ile picha ya tumbo.

"Koko," Larissa akasema taratibu, "mutoke inje kidogo."

Sikuwahi kutolewa chumbani na mtoto. Nilitoka, nikaketi kwenye benchi kati ya akina mama.

"Muzee," mmoja akanitania, "na weye unakuya kupima mimba?"

Wakacheka. Nikajibu, nikiangalia viatu vyangu: "Mjukuu wangu anatokwa damu nyingi, siku tisa, siku kumi na moja. Mimi nilimwita mvivu mbele ya wenzake."

Yule aliyenitania akanisogelea.

"Na ulishamuomba pardo?"

Nilikuwa sijamwomba msamaha. Niliinuka, nikaenda hadi mlangoni. Ulikuwa bado umefungwa kwa ndani, nami sikuthubutu kubisha.