Swali la Mashine ya Mwalimu Longinus

Basi la Kasulu lilikwisha kuiacha Kibondo nyuma, na Mwalimu Longinus alikuwa amepakata kompyuta yake ya mezani kama mtoto mwenye homa. Kando yake mkewe, Herieth, alishika kifaa cha breli, maandishi ya vidoti yasomwayo kwa vidole, kimefungwa kwenye kanga. Jumatatu Herieth alikuwa anahamia shule ya Manyovu, yeye na binti yao Irakoze. Uhamisho ni uhamisho, huwezi kubishana nao.

Longinus haoni tangu utotoni. Kompyuta ilimsomea kwa sauti, lakini sauti yenyewe ilikuwa ya mwisho kuamka. Umeme ukikatika, na Kibondo unakatika, mashine ikiwashwa tena ilikwama njiani, bubu. Hapo alimwita Herieth. Herieth anagusa kidogo, safari inaendelea. Sasa nani angegusa? Abishe hodi kwa majirani kila asubuhi, na mitihani ya wanafunzi imo humo ndani? Hilo hakutaka hata kulisikia.

Dukani kwake Kasulu, fundi wa kompyuta Mansuri alihangaika na mashine hadi chai yake ikapoa. Aliipanga programu ya breli iamke mwanzoni kabisa, ili kila neno linalopita kwenye kioo cha kompyuta lipite pia kwenye vile vidoti vya kifaa, vinavyopanda na kushuka. Akamaliza, akakisimamisha kifaa kando ya kioo.

"Tayari, Mwalimu. Hapo kinaonekana vizuri kabisa."

"Kinaonekana na nani, fundi?"

Mansuri akajicheka mwenyewe, akakilaza mbele ya kibodi.

"Sasa iwashe, halafu uchomoe waya ghafla," Longinus akasema.

"Si utaiua, Mwalimu?"

"Kibondo huwa hawaniulizi. Chomoa."

Akachomoa, akachomeka, akawasha upya. Vidoti vikaanza kutembea chini ya vidole vya Longinus kama siafu, mstari baada ya mstari. Ghafla vikasimama. Herieth, kwa mazoea, akanyoosha mkono.

"Mama Irakoze, toa mkono. Inaniuliza mimi."

Akasoma tena, polepole. Diski ina kasoro, irekebishwe? Jibu lilikuwa herufi moja tu.

"Ndiyo hii uliyokuwa unabonyeza miaka yote?"

"Hiyo hiyo."

"Na mimi nimewatangazia walimu wote kwamba mke wangu fundi."

"Ulivyokuwa unanisifia, baba Irakoze, ningekukatazaje?"

Mansuri akageukia ukutani, mabega yakimtikisika. Longinus akabonyeza. Vidoti vikaendelea na safari, na mwisho kabisa ile sauti ikaamka, ikajitambulisha kama mgeni aliyechelewa.

Herieth alihamia Manyovu Jumatatu ile. Yuko huko hadi leo, hurudi shule zikifungwa. Irakoze anasoma huko huko kwa mama yake. Mansuri bado ana duka lake Kasulu. Mitihani ya muhula ule Longinus aliichapa mwenyewe. Umeme wa Kibondo unakatika vilevile, mashine inauliza, naye anajibu.