Onyo la Tatu la Delbert

Mimi Lorna Kuzmick sina subira na watu wenye filimbi shingoni, na siku hiyo pale uwanja wa shabaha wa klabu yetu walikuwa wawili. Upande wa kulia Gus Fetterolf, mzee mwenye tumbo na miaka thelathini ya kusimamia watu wenye bunduki. Upande wa kushoto Marcy Snavely, mgeni kazini, amevaa fulana ya rangi ya chungwa iliyopigwa pasi. Jamani, nani anapiga pasi fulana ya kazi?

Meza ya mume wangu Delbert ilikuwa katikati yao.

Ilikuwa Jumatano, na msimu wa kuwinda kulungu ulikuwa unafunguliwa Jumamosi, kwa hiyo nusu ya kaunti ilikuja kujaribu bunduki. Delbert alipata kiharusi mwezi wa nne. Mkono ulirudi, mguu ukarudi, maneno yakabaki njiani. Neno moja linatoka, anapumzika, linatoka la pili, na watu hawana muda huo. Wanammalizia sentensi, tena wanaimalizia vibaya. Basi akaamua kunyamaza. Alikuwa anaongea na mimi na mbwa tu, na mbwa alikuwa anapata zaidi.

Alitaka kitu kimoja: kwenda kuwinda na kulala kibandani msituni na kaka yake Stush, kama kila mwaka. Stush alisema sawa, ila Gus atie sahihi kadi kwamba Delbert bado ni mtu salama na bunduki. Binti yetu Jodi alishasema bunduki tuiuze. Mimi nilijua kadi ile isipotiwa sahihi, yule mtu atakaa kwenye kiti cha jikoni na hatainuka tena.

Sheria iko ubaoni: maonyo matatu, unarudi nyumbani.

King'ora cha kwanza kililia ili watu waende kukagua shabaha zao. Delbert akaiacha bunduki mezani, tupu lakini komeo, kile chuma kinachofungia risasi ndani, limefungwa, akarudi nyuma ya mstari wa njano. Gus akaja.

"Mzee mwenzangu, king'ora kikilia unafungua komeo kwanza, nione kwa macho yangu hamna kitu, ndiyo unarudi nyuma. Onyo la kwanza."

Haya. King'ora cha pili, Delbert akafungua komeo, taratibu kama anavyofanya kila kitu siku hizi. Marcy akafika mbio.

"Baba, king'ora kikishalia hakuna kugusa bunduki. Hata kidole. Onyo la pili."

"Mwenzako kasema afungue," nikamwambia.

"Mama, mimi nasimamia usalama hapa."

"Na yule anasimamia nini, harusi?"

Mtu nyuma yangu akacheka. Delbert akanigusa kiwiko, maana yake nyamaza, utaniponza.

Mara ya tatu king'ora kilimkuta ndiyo kwanza ameingiza risasi na kufunga komeo. Nikauona mkono wake umesimama hewani. Akifungua, onyo la Marcy. Asipofungua, la Gus. Na watu walishaanza kutoka na karatasi zao za shabaha kwenda mbele ya mitutu.

Nitasema ukweli, naona aibu hadi leo. Nilimwomba kwa macho anyamaze. Arudi tu nyuma, hakuna atakayeigusa bunduki, king'ora kitalia tena, atapiga, na hakuna atakayejua.

Delbert akainua mikono yote miwili. "Ina..."

"Imekwama?" akauliza jirani yake wa meza.

Delbert akatikisa kichwa. Mishipa ya shingo ilimtoka. "Ina risasi. Ndani. Msi... msiende."

Wote wakasimama pale walipo. Gus akaja, akafungua komeo mwenyewe, na risasi ikadondoka mezani ikabingirika.

"Kwa nini hukufungua?"

Nikafumbua mdomo. Delbert akaniinulia kidole, akachukua muda wake wote.

"Wewe... umesema nifungue. Yeye... amesema nisiguse. Nifanye... lipi?"

Gus akamtazama Marcy. Marcy akawa mwekundu hadi masikioni.

"Nilikofundishwa ni hivyo," akasema. "Hapa hakuna aliyeniambia tofauti."

"Na mimi sikukuuliza," akasema Gus.

Wakaenda pembeni, wakavutana dakika tano. Wakarudi na sheria moja: king'ora, fungua, toa risasi, rudi nyuma, na baada ya hapo hakuna kugusa. Marcy akamwendea Delbert. "Baba, onyo langu nimelifuta. Nisamehe."

"Na la tatu?" nikauliza.

Gus akatoa kalamu mfukoni. "La tatu lipi, Lorna? Watu wangapi wameniachia bunduki zenye risasi mezani wakanyamaza kwa kuogopa aibu? Huyu amesema." Akatia sahihi kadi juu ya goti lake.

Nikakaa kwenye benchi nikalia wazi mbele ya watu, na ni Marcy huyohuyo aliyeniletea kahawa. Nikainywa.

Simu ikalia. Jodi.

"Mama, wamemfukuza?"

Nikageuka kumtafuta Delbert. Alikuwa kati ya wanaume saba au wanane wenye kofia za rangi ya chungwa, anawaeleza ilivyokuwa, neno, pumziko, neno. Hakuna aliyekuwa anammalizia.

"Hapana," nikamwambia. "Kuleni tu, sisi tutachelewa. Baba yako anaongea na watu."