Kidole cha Kahindo

Mvua ilikuwa ikimpiga Kahindo mgongoni, naye ameinamia jiko la mbabula uani, akiyakinga makaa kwa kipande cha turubai. Siku ya tisa hiyo tangu mumewe arudishwe nyumbani, na hakuwahi kuwasha hata kiberiti ndani. Nyumba yao ya Mudzipela ni chumba kimoja, hatua nne kutoka mlangoni hadi kitandani. Hapo mumewe Rémy, Papa Fanny, alikuwa akivuta pumzi kupitia mrija wa mtungi wa oksijeni. Miaka ya kuendesha pampu kwenye machimbo ya dhahabu ya Nizi ilikuwa imemjaza vumbi la mawe kifuani. Hospitali ilikihitaji kitanda chake, ikamrudisha nyumbani na mtungi.

Siku ile ya kumrudisha, kule hospitali, muuguzi Delphin alisoma karatasi ya Kifaransa mbiombio, kama mtu anayefukuzwa.

"Weka kidole hapa, mama."

"Inasema nini?"

"Inasema tulikufundisha. Moto mbali, basi. Kuko watu nyuma yako."

Akaweka kidole gumba. Moto mbali: hilo alilishika kuliko sala zake. Wenzake wa kanisa walipokuja na mishumaa kumwombea mgonjwa, aliwazuia mlangoni, wakaondoka wamenuna.

Asubuhi ya siku ya kumi koki ya mtungi ilikwama. Rémy alihema, midomo ikianza kupauka.

"Robine iko nguvu, Papa Fanny. Haigeuke."

"Pakala mafuta," alisema kwa shida. "Kule kwa pampu tulikuwa tunafanya vile."

Kahindo akachovya gumba kwenye mawese, akaipaka koki, akakaza mkono na kuizungusha. Kikalia kishindo. Mwali mweupe ukamrukia mkononi, ukapanda pazia. Moto huo ulitoka wapi, Mungu wangu, na mbabula iko nje, imezimwa na mvua?

Majirani walimtoa Rémy akiwa hai, wakamfikisha hospitali kwa pikipiki. Sasa alikuwa ameegemezwa kwenye benchi la ukumbini, shingo ikivutika kwa kila pumzi. Ofisini, mlango ukiwa wazi, karani Aristide alifungua faili yenye karatasi ile ya Kifaransa.

"Hii kidole ni ya nani?"

"Yangu. Lakini moto ilikuwa inje, baba. Nilipakala tu mafuta."

Aristide akauonyesha mstari wa tano. "Iko imeandikwa: hata mafuta, hapana. Mafuta ikikutana na oksijeni, inawaka yenyewe."

"Hakuna mutu aliniambia!"

"Kidole yako inasema tulikuambia."

Kahindo akamwonyesha Rémy kupitia mlango ulio wazi.

"Mumupatie oksijeni kwanza. Nitaweka kidole kisha."

"Karatasi kwanza. Hapa unakubali ulichoma mutungi ya hospitali. Kisha tutaona kama kuko ingine."

Kahindo akafungua kitambaa mkononi. Gumba lilikuwa limechunika, bichi. Akalibonyeza kwenye wino, akauma meno, akaligandamiza kwenye karatasi. Lilipoinuka lilibakiza doa jeusi lenye majimaji, halina mstari hata mmoja.

Aristide akaiinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha.

"Haionekane," alisema, akamsogezea tena wino. "Rudilia."